Kabla hujalisugua bati la Spitfire

Swali la msomaji: "Mtaalamu, habari za kazi. Tangu utotoni napenda historia ya ndege za Vita vya Pili vya Dunia, na sasa nataka niwe na kitu halisi sebuleni. Nimempata muuzaji mwenye vitu viwili. Cha kwanza ni kipande cha bati la aluminiamu, ukubwa wake kama sinia, anachosema ni cha Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza, iliyoangushwa 1940. Cha pili ni saa ya dashibodi ya ndege ambayo namba zake zamani ziling'aa gizani. Bati lina udongo na limefifia, nafikiria kulisugua mpaka ling'ae kisha nilitie kwenye fremu. Nitajuaje kama vitu hivi ni vya kweli, na nivitunzeje?"

Jibu:

Ndugu yangu, habari ni njema, na nashukuru umeuliza kabla hujashika brashi. Nianze na hilo la kusugua kwa sababu ndilo lenye haraka: usilisugue. Hata kama hutanunua chochote kwa muuzaji huyo, hilo ondoka nalo.

Metali yenyewe haina cha ajabu. Bati la Spitfire ni duralumini, yaani aluminiamu iliyotiwa shaba kiasi cha asilimia nne pamoja na magnesi na manganisi kidogo ili ipate nguvu. Spitfire zilizotengenezwa zinazidi 20,000, na metali ya namna hiyo imejaa duniani. Unacholipia ni ushahidi uliobaki juu yake: rangi ya kiwandani, mhuri wa mkaguzi, namba iliyogongwa, mkunjo uliotokea siku ndege ilipopiga ardhi. Ushahidi huo mwingi uko kwenye tabaka jembamba kuliko karatasi. Sufi ya chuma na dawa ya kung'arishia vyombo huuondoa kwa dakika tano, na ukishaondoka haurudi.

Nasema haya kwa uchungu wa aliyefanya kosa. Kipande changu cha kwanza kilikuwa cha ubavu wa ndege ya kuangusha mabomu, na nilikisugua jioni nzima mpaka nikajiona usoni. Siku chache baadaye nilirudia kuangalia picha aliyonitumia muuzaji kabla ya kununua, nikaikuza. Pembeni, chini ya udongo, palikuwa na mhuri wa wino wa duara, na kando yake mtu alikuwa ameandika tarakimu tatu kwa penseli ya nta. Mfanyakazi fulani wa kiwandani aliziandika kwa mkono wake wakati wa vita, zikavumilia kuanguka na kuzikwa ardhini, nikazifuta mimi. Kipande hicho ninacho bado. Siwezi tena kusema ni cha ndege gani.

Sasa tuje kwenye uhalisi. Mwambie muuzaji akupigie picha za upande wa nyuma, mchana, bila mwanga wa kamera. Upande wa nje wa ndege ulipigwa na jua, mvua na moto, lakini wa ndani ndiko wafanyakazi walikoacha alama zao, na wanaoghushi mara nyingi huhangaika na ule wa mbele tu.

Vipande vingi vya Spitfire vina namba ya mchoro wa kiufundi, nayo huanza na namba ambayo kiwanda cha Supermarine kiliupa muundo husika. Spitfire ya kwanza, Mk I (Mk ni kifupi cha "mark", yaani toleo), iliitwa Type 300, hivyo namba zake huanza na 300. Mk II ni 329, Mk Vc ni 349, na Mk IX ni 361. Hapa ndipo wanunuzi wapya hujikwaa. Kipande ambacho muundo wake haukubadilishwa kiliendelea kubeba 300 hata kwenye ndege zilizotengenezwa miaka mitatu baadaye. Kwa hiyo 300 inakuambia kwamba hiki ni kipande cha Spitfire, lakini haikuambii kwamba ni ya 1940. Namba hizi zina nguvu zaidi katika kukanusha kuliko kuthibitisha: ukikuta 361 kwenye bati linalodaiwa kuwa la 1940, mazungumzo yameishia hapo.

Tafuta pia mihuri ya wakaguzi. Ni midogo, karibu na punje ya mahindi, herufi na tarakimu zilizogongwa kwenye metali au kupigwa kwa wino. Ya Supermarine huwa na 6S. Ya kiwanda cha Castle Bromwich huwa na CBAF, na kiwanda hicho kilianza kutoa ndege katikati ya 1940, za kwanza zikiwa Mk II. Ukiona 41H, hiyo ni ya Hawker, waliotengeneza Hurricane, ndege nyingine ya kivita ya Uingereza. Anayekuuzia Hurricane kwa jina la Spitfire si lazima awe tapeli, maana wauzaji wengi walinunua kwa jina na wanauza kwa jina. Hata hivyo wewe ndiye utakayebaki na kitu hicho ukutani.

Kisha rangi. Ndani ya ndege za Uingereza sehemu nyingi zilipakwa rangi ya kijivu kinachoelekea kijani. Nje, kwa juu, ndege za kivita za 1940 zilikuwa na kahawia ya udongo na kijani iliyokoza. Kijivu cha bahari kilikuja kuchukua nafasi ya ile kahawia kuanzia Agosti 1941. Kwa hiyo kama bati lako lina mabaki ya kijivu hicho kwa nje, na rangi hiyo haikupakwa juu ya nyingine, tarehe aliyokupa muuzaji haisimami. Angalia kwa kioo cha kukuzia kwenye kingo na kuzunguka vichwa vya ribiti, kwani rangi ya awali hujificha huko.

Ndege za mataifa mengine zina lugha zao. Kwa Wajerumani, tarakimu 8 ilikuwa ya mwili wa ndege na 9 ya injini, kwa hiyo 8-109 ni mwili wa Messerschmitt Bf 109 na 9-605 ni injini ya DB 605. Mabati ya Marekani mara nyingi yana maandishi ya wino yaliyojirudia kwa mistari, ALCLAD 24S-T, jina la bati lenyewe kutoka kiwanda cha metali, kwa hiyo hayakutajii aina ya ndege. Za Kijapani, Zero ikiwemo, ndani zilipakwa vanishi ya buluu-kijani inayopitisha mwanga iitwayo aotake. Ukiiona mara moja hutaisahau, kwa sababu metali huonekana chini yake kama samaki chini ya maji.

Umbo nalo linasema. Bati lililoraruka kwa ajali lina kingo zilizonyooka hapa na kukunjamana pale, ribiti zilizong'oka na kuacha matundu yaliyovutwa upande mmoja, na uchafu ulioingia mpaka ndani ya mikunjo. Tundu la risasi huingia kwa kubonyea na kutoka kwa kuchanua kama petali. Tundu lililotobolewa juzi kwa ajili ya soko huonyesha metali nyeupe ukingoni, wakati eneo lote linalolizunguka lina umri wa miaka themanini.

Na kuna kingo zilizonyooka kabisa, pande zote nne. Hizo ni za msumeno. Kuna watu hununua kipande kikubwa, chenye namba, mihuri na rangi, wakakikata viraba vidogo vya kutia kwenye fremu au vishikizo vya funguo, kila kimoja na cheti chake kilichopigwa chapa. Namba hubaki kwenye kiraba kimoja, na vile vingine vyote vinakuwa mabubu. Sinunui vitu hivyo na nakusihi usinunue, kwa sababu kila anayenunua analipia msumeno wa mara nyingine. Chukua kilichovunjwa na vita.

Jihadhari pia na majina makubwa. Manfred von Richthofen, rubani mashuhuri wa Kijerumani wa Vita vya Kwanza vya Dunia, alipoangushwa tarehe 21 Aprili 1918, ndege yake nyekundu ya mabawa matatu ilifika chini bila kuvunjika sana. Askari waliokuwa karibu waliivamia, na baada ya muda mfupi ilikuwa imechanwachanwa. Injini yake iko Imperial War Museum jijini London, kiti kiko Toronto kwenye taasisi ya kijeshi ya Kanada, na vitambaa vilivyokatwa vilitawanyika kwenye mifuko ya askari. Ni kweli kwamba vipande vyake vingi viko mikononi mwa watu. Ndiyo maana ni rahisi kukata kitambaa kingine cha zamani, kukipaka rangi nyekundu na kukitungia hadithi ya babu aliyekuwepo. Jina likiwa kubwa, dai karatasi nzito zaidi.

Karatasi hizo ndizo nusu ya kitu unachonunua. Muulize muuzaji ndege ilianguka wapi, siku gani, nani alifukua, mwaka gani, na kwa kibali gani. Akijibu, majibu yake yanaweza kupimwa. Nyaraka za kumbukumbu za Uingereza zilizoko Kew, London, zina vitabu vya kila siku vya vikosi vya anga, kwenye faili za AIR 27, na faili za waliokufa, kujeruhiwa au kupotea, AIR 81. Kwa ndege za jeshi la nchi kavu la Marekani kuna ripoti za wanaanga waliopotea, zilizoanza 1943, ambazo mara nyingi zina hata namba za injini na za bunduki. Kipande chenye namba inayolingana na faili hakihitaji cheti cha muuzaji. Na cheti kisichotaja mahali wala tarehe ni karatasi nzuri tu.

Neno "kibali" nimelitaja kwa makusudi. Uingereza ina sheria ya 1986 ya kulinda mabaki ya kijeshi. Ndege yoyote iliyoanguka nchini humo ikiwa katika utumishi wa kijeshi, ya taifa lolote, inalindwa moja kwa moja, na kuifukua au kuchukua kitu chake bila leseni ya Wizara ya Ulinzi ni kosa la jinai. Marekani ina sheria ya 2004 inayolinda meli na ndege zake za kijeshi zilizozama, popote zilipo. Papua New Guinea, ambako misitu na bahari vimejaa ndege za vita, mabaki ni mali ya taifa na hayatoki bila ruhusa. B-17, ndege ya Marekani ya kuangusha mabomu, inayojulikana kama Swamp Ghost ilitua kwenye kinamasi cha huko tarehe 23 Februari 1942. Ilipotolewa 2006 ulizuka ubishi mkubwa, ikakaa miaka kadhaa nchini humo kabla ya kusafirishwa hadi Hawaii. Vipande vilivyofukuliwa kabla ya 1986, au vilivyouzwa na majeshi yenyewe kama ziada baada ya vita, vina hali tofauti, lakini muuzaji mwaminifu atakueleza chake kiko wapi kati ya hizo.

Sababu ya sheria hizo kuwa kali ni watu waliokuwa ndani. Mwaka 2012 ilionekana ndege ya kivita aina ya P-40 katika jangwa la Misri, karibu nzima, imetulia mchangani tangu Juni 1942. Ilikuwa imerushwa na Dennis Copping, rubani kijana wa jeshi la anga la Uingereza. Picha za kwanza zilionyesha mabaki ya parachuti kando ya ndege na redio iliyotolewa nje, ishara kwamba alitua akiwa hai, akatafuta kivuli, akajaribu kuita msaada. Habari ziliposambaa, watu walianza kuchomoa vitu. Kila kilichochomolewa kilikuwa sehemu ya maelezo ya saa za mwisho za mtu huyo. Nikikuambia usinunue kitu kilichochukuliwa kimyakimya kwenye eneo la ajali, nina jangwa lile akilini. Wamarekani peke yao bado wana zaidi ya watu 70,000 wa vita hiyo ambao hawajulikani walipo, na namba ya kipande kidogo cha injini inaweza kuwa ndiyo njia pekee ya kumtambua mmoja wao.

Tuje kwenye saa. Namba na mishale iliyong'aa gizani kwenye vyombo vya ndege za wakati ule kwa kawaida ilipakwa rangi yenye radiamu. Mionzi ya radiamu huipiga salfaidi ya zinki nayo hutoa mwanga. Kwa miaka mingi ya kupigwa hivyo zinki huchoka, mwanga hufa, na watu hudhani hatari imekufa nayo. Radiamu yenyewe hupungua nusu kwa miaka 1,600. Saa isiyong'aa leo ina karibu mionzi ileile iliyokuwa nayo siku ilipofungwa kwenye dashibodi.

Je, uiache? Saa moja iliyo nzima, kioo chake hakijapasuka, ikikaa mbali na kitanda na mikono ya watoto, wakusanyaji wengi huishi nayo. Hatari kubwa ni vumbi lake kuingia mwilini. Hivyo usiifungue kuisafisha, usikwangue namba, usimpe fundi saa bila kumwambia, na kama kioo kimepasuka au unaona unga wa njano-kahawia ndani, usiinunue. Pia radiamu hutoa gesi ya radoni, nayo ina mionzi, kwa hiyo usiifungie kwenye kasha lisilopitisha hewa chumbani mnamolala. Mwombe muuzaji aipime kwa kipimo cha mionzi, na uulize sheria za posta na forodha kabla ya kusafirisha kitu cha namna hiyo. Ningekuwa wewe ningeanza na bati, saa ningeiacha mpaka niwe na kipimo changu mwenyewe.

Kuna hatari nyingine ambayo hukuiuliza lakini utaikuta ukiendelea na mapenzi haya: baruti. Risasi za mizinga ya milimita 20 nyingi zilikuwa na kilipuzi ndani, na kukaa ardhini hakukizimi. Kuna pia visanduku vya redio vya kuitambulisha ndege kwa rada za upande wake ambavyo viliwekewa kilipuzi kidogo ili visitekwe vizima na adui. Usinunue kisanduku cha hivyo wala risasi yoyote bila uthibitisho wa maandishi kwamba imefanywa salama na mtu mwenye mamlaka hayo.

Tukirudi kwenye bati lako, likipita mitihani yote hiyo, kulitunza ni kazi ndogo. Liweke kwenye sinia nyeupe ili chochote kinachodondoka ukione. Kwa brashi laini ya mchoraji, ikiwa kavu, ondoa udongo mlegevu, ukianzia katikati kwenda kingoni. Ukifika penye rangi au wino, simama. Palipogandamana tumia pamba iliyolowa kidogo maji yaliyotoneshwa, uibonyeze bila kuburuta, kisha kausha papo hapo. Siki, soda, sabuni ya unga, dawa ya madoa, vyote weka mbali. Unga mweupe unaoutoa vidole vikipita ni aluminiamu inayooza kwa unyevu na chumvi. Ukiuona kidogo, kausha na ufuatilie. Ukiona bati linachanuka tabaka kwa tabaka kama kurasa za kitabu kilicholowa, mpelekee mhifadhi wa metali. Vivyo hivyo kwa chochote kilichotoka baharini. Ndege ya Kijerumani aina ya Dornier Do 17 iliyoinuliwa Juni 2013 kutoka Goodwin Sands, mafungu ya mchanga baharini kusini-mashariki mwa Uingereza, ililazimika kunyunyiziwa maji yenye asidi ya sitriki kwa muda mrefu ndani ya mahema kwenye jumba la makumbusho la Cosford, Uingereza, ili chumvi na takataka za bahari zitoke bila kuiyeyusha. Sebuleni huwezi kazi hiyo.

Bati likishakauka kabisa, paka nta ya wahifadhi, ile ya chembe ndogo, nyembamba kwa kitambaa cha pamba, mahali pasipo na rangi inayobanduka. Vanishi ya magari usitumie. Hufungia unyevu ndani na baada ya miaka huwa ya njano.

Kwenye kuning'iniza, usitoboe tundu jipya na usigundishe. Tumia kulabu zilizovikwa mpira laini wa plastiki ya polithini zinazoshika kingo, ili metali ya kulabu isigusane na duralumini. Metali mbili tofauti zikigusana penye unyevu, ile dhaifu huliwa, na hapa dhaifu ni ya kwako. Ubao wa mwaloni unapendeza lakini hutoa mvuke wa asidi unaodhuru metali ndani ya kasha lililofungwa. Mbali na jua la moja kwa moja, mbali na jiko, na pakiti ya chembe za silika nyuma ya fremu, ibadilishwe ikijaa unyevu.

Nyuma ya fremu bandika bahasha. Ndani yake weka picha za pande zote mbili kabla hujakigusa, barua za muuzaji, na karatasi yenye mwandiko wako: kipande ni nini, namba na mihuri iliyopo, kilipatikana wapi na nani, wewe umekipata lini. Tenganisha unachokijua na unachoambiwa. Andika "muuzaji anasema" palipo na maneno tu. Na kama nyaraka zitamtaja rubani, liandike jina lake kamili, kikosi chake na kilichompata, hata kama alikufa, hata kama alikuwa upande ulioshindwa.

Basi kazi ya leo ni ndogo: omba picha za upande wa nyuma, mahali, tarehe na kibali. Zikija, nitumie nizione kabla hujalipa. Akikataa kukigeuza, mwachie bati lake.